Buti za skii kwa mguu wetu: upana kwanza, ugumu baadae

Mpwa wangu anaondoka mwezi wa kumi na mbili kwenda Trento, Italia, kwa mkewe, na wakwe zake washamwambia akifika tu wanampandisha mlimani kuteleza kwenye theluji kwa skii, yale mabao mawili marefu yanayofungwa chini ya buti. Juzi kaja barazani kwangu hapa Kiwengwa kanambia, mjomba, mie nnavaa viatu 44, sasa buti za skii nichukue namba ngapi? Nikamwambia vua hayo malapa, lete karatasi na penseli. Na si yeye peke yake, kila mwaka ikikaribia Disemba wananijia watu wanne watano na suala hilohilo, wengine wameoa au wameolewa Italia, wengine wanakwenda kusoma Norway na Sweden, wengine wanakwenda Dubai kufata mzigo tu na wanataka siku moja waingie kwenye ile theluji ya ndani ya Mall of the Emirates. Mie nimefanya kazi misimu minne kwenye duka la kukodisha skii Italia ya kaskazini, kazi yangu ilikuwa kuwavisha watu buti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni, kwahiyo ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa miguu ya watu, pamoja na mguu wangu mwenyewe.

La kwanza na ndio kubwa kuliko yote. Sisi tumekulia pekupeku, mchangani, kwenye mawe, ukubwani malapa na makubadhi. Mguu wa namna hiyo unatanuka mbele, vidole vinaachana, lakini kisigino kinabaki chembamba. Buti la skii ni plastiki ngumu, haliachii kama raba. Sasa mtu wetu akifika dukani anapewa namba yake ya kweli, inambana ubavuni, anasema hii ndogo, anapewa kubwa, bado inabana kidogo, anapewa kubwa zaidi, hiyo inakaa raha mustarehe na anatoka nayo kafurahi. Hapo ndipo siku inapoharibika, mana kaongeza urefu wakati alichokosa ni upana. Mimi msimu wangu wa kwanza mguu wangu wa sentimita 26.5 uliuziwa buti la 28.5, na aliyeniuzia aliona kabisa kisigino kinapanda na kushuka ndani. Siku ya tatu kucha za gumba zote mbili zimekuwa nyeusi, baadae zikatoka, kwa sababu kila nikijaribu kusimama mguu unateleza mbele na vidole vinagonga ukuta wa buti. Kwahiyo ukibanwa pembeni dawa yake ni buti pana zaidi la urefu uleule. Nitalirudia hili tena na tena, mnisamehe.

Kupima unaweza ukapima nyumbani kabla hujapanda ndege. Pima jioni, mguu ukishavimba kidogo kwa mihangaiko ya mchana. Weka karatasi sakafuni ishikane na ukuta, simama kisigino kiguse ukuta na uzito wote uwe juu ya mguu huo, halafu mtu mwengine akutilie alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine sio gumba, ni kile cha pili). Ukijitilia mwenyewe utainama na mguu utasogea. Pima kwa rula ya sentimita. Kisha tia alama pembeni, pale penye upana mkubwa, kutoka kile kifupa kinachotokeza chini ya gumba mpaka kifupa cha upande wa kidole cha mwisho, upime kwa milimita. Fanya miguu yote miwili, mana mara nyingi haiko sawa.

Hizo sentimita ndio namba ya buti lako. Namba ya buti za skii inaitwa mondopointi, na ni urefu wa mguu kwa sentimita, mguu wa 26.5 unavaa 26.5, hakuna cha 42 wala 44. Mpwa wangu katoka 27.2 kushoto na 26.9 kulia, upana milimita 106. Lile 44 lake lilikuwa linamdanganya miaka yote, anavaa kiatu kirefu ili apate upana. Angelifata lile jadweli la kubadilisha namba za viatu kuwa sentimita angelipewa 28 au 28.5. Na kitu chengine ambacho wauzaji hawakisemi mpaka uulize, kwa kampuni nyingi gamba la nje la 27 na la 27.5 ni lilelile moja, kinachobadilika ni vya ndani tu, basi usikae kugombana na nusu.

Upana nao umeandikwa, kwenye karatasi ya buti au kwenye mtandao wa kampuni, kwa milimita. Buti jembamba ni 97 au 98, la kati ni 100, pana ni 102, 103, 104 na wachache wanapita hapo. Mguu ukiwa 106 sakafuni haina maana utafute buti la 106, mana sakafuni mguu umejitandaza wenyewe na ndani ya buti umekusanywa, lakini anzia 102 kwenda juu, 98 usiiguse hata ukiambiwa ndio inayopendwa na wajuzi. Kwa Kitaliano ukifika dukani sema pianta larga, watakuelewa hapo hapo kwamba unataka pana. Buti zenyewe wanaziita skarponi.

Kuna na mgongo wa mguu, ule mwinuko wa juu kabla hujafika kwenye kifundo. Wapo wenye mgongo uliopanda, na buti likiwa bapa hapo damu haipiti vizuri, mguu unapata ganzi na baridi inaingia haraka. Mtu akinambia vidole vimekufa ganzi nami naona mbele pana nafasi, natazama pale juu. Fundi mzuri anaweza kulitengeneza, anaweza hata kulipasha moto gamba na kulitanua mahali pamoja tu kwa ajili ya kifupa chako. Gamba likiwa refu sana hakuna fundi wa kulifupisha.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko rula. Buti lina sehemu mbili, gamba la plastiki nje na laina laini ndani. Itoe laina, ingiza mguu kwenye gamba tupu na soksi yako, sogeza mbele mpaka vidole viguse plastiki kidogo tu, halafu kunja goti na uchungulie nyuma ya kisigino kuna nafasi kiasi gani. Sentimita moja na nusu mpaka mbili ndio pazuri kwa mtu wa kawaida, anaeanza anaweza kufika mbili. Ikipita mbili na nusu buti ni kubwa, rudisha, hata kama linakaa raha vipi. Chini ya moja ni za wanaoshindana. Ukiwa hapo hapo tazama na pembeni, mguu usiwe umegusa plastiki kwa nguvu pande zote mbili.

Kabla ya kuvaa, habari ya soksi. Moja tu, nyembamba, ndefu mpaka chini ya goti, ya sufu au ya sintetiki. Sio ya pamba, pamba inanyonya jasho na jasho ndio baridi yenyewe. Watu wetu wanaogopa baridi (na wana haki, ile baridi si mchezo) wanavaa soksi mbili tatu, matokeo yake mguu unabanwa, damu haizunguki, na wao ndio wanaoganda kuliko wote. Dada zetu wanaovaa skintaiti chini ya nguo, ikome juu ya buti, isiingie ndani, mana ule mshono utakaa juu ya muundi na kila ukiinama unakata. Ndani ya buti panaingia mguu na soksi, basi.

Kuvaa pia kuna namna yake. Fungua bizimu zote, vuta ulimi mbele, tanua mdomo wa buti kwa mikono miwili, sukuma mguu. Ukishaingia gonga kisigino chini mara mbili tatu kikae nyuma kabisa. Funga bizimu za juu kwanza, za kwenye muundi, kwa ulaini, halafu kunja magoti mbele mara kadhaa, hapo kisigino kinakaa mahali pake, kisha funga zile za chini kwa kugusa tu na mwisho ule mkanda mpana wa juu. Wengi wanaanza chini na kukaza kwa nguvu zote, wanaponda mguu na kisigino bado kinaelea.

Sasa simama wima. Vidole vinatakiwa viguse mbele, na hapa kila mtu anapiga kelele kwamba buti dogo. Ngoja, kunja magoti kama unaekaa kwenye kibao cha mbuzi lakini umeishia nusu, muundi uegemee ulimi wa buti. Vidole vinarudi nyuma vyenyewe, na huko mlimani utakuwa umekunja hivyo siku nzima. Kama bado vinasukuma kwa nguvu, hapo kweli dogo. Kama ulipokuwa wima havikugusa kitu, kubwa. Kaa nazo dakika kumi na tano mpaka ishirini, tembea, zungumza, usizivue. Mguu unavyotakiwa kujisikia ni kama mkono wa mtoto alieshikwa na bibi yake wakivuka njia ya Darajani, hauumizwi na hauchopoki. Kubanwa kote kwa usawa ni sawa, tena laina inakwenda ikilegea kwa matumizi. Kuumwa mahali pamoja kama panachomwa, au ganzi, hiyo sio sawa na haitojirekebisha.

Na hapa nna jambo linaniuma. Sisi tuna haya. Nimewaona watu wetu wamekaa kwenye kiti changu dukani, uso umekunjamana, nauliza vipi, inakaa? "Sawa sawa, ahsante, inatosha." Hataki kunisumbua, nimeshamletea jozi mbili, na nyuma kuna foleni. Mjerumani anabadilisha jozi sita na haombi radhi. Sio utovu wa adabu, ile kazi imewekwa kwa ajili hiyo, na hata ukishapanda mlimani ukiona pabaya unarudi duka lilelile unabadilishiwa. Nawaomba sana, semeni.

Tuje kwenye ugumu, wanaita fleksi. Ni namba kubwa ubavuni mwa buti, 70, 90, 110, 130, inaonesha plastiki inakataa kiasi gani unapoikunja mbele kwa muundi. Faida yake ni kwamba skii huiongozi kwa unyayo, unaiongoza kwa muundi, unasukuma ulimi wa buti na ule msukumo unashuka mpaka mbele ya skii. Buti laini kupita kiasi ni kama usukani wa dau uliolegea, mkono unageuza na chombo hakisikii. Buti gumu kupita kiasi ndio baya zaidi kwa anaeanza, mana hawezi kulikunja, akishindwa kulikunja anakaa nyuma, akikaa nyuma uzito unatoka mbele ya skii na hazigeuki tena, mapaja yanawaka moto na ndani ya nusu saa kachoka. Watu wanadhani wana woga kumbe buti tu.

Hakuna kipimo kimoja cha fleksi duniani, 100 ya kampuni hii inaweza kuwa 90 ya ile, kwahiyo zichukulie kama muongozo tu. Mwanamke anaeanza 60 mpaka 80, akishajua 85 mpaka 100. Mwanamme anaeanza 80 mpaka 90, akishajua 100 mpaka 110. Kuanzia 120 ni kwa wenye nguvu na mbinu na kasi, 130 ni za watu wanaoishi mlimani. Lakini kilo zinaingia hapa kuliko jina la "naanza" na "najua". Mtu wa kilo 95 hata siku yake ya kwanza mpe 100, atalivunja lile la 80 kama kadi. Mtu wa kilo 58 hata akijua vizuri 90 inamtosha. Mrefu naye analikunja buti kwa urahisi zaidi kwa sababu mguu wake ni wenzo mrefu. Vijana wa kiume ndio wagumu kusikia, nilipata mmoja wa Pemba, kilo sitini na kitu, siku yake ya pili, anataka 130 kwa sababu kamuona mwalimu nazo. Alirudi mchana anachechemea, nikampa 80, jioni kaja anacheka peke yake.

Dukani jaribu hivi, funga vizuri, kunja goti mbele. Buti linatakiwa likubali kidogo kidogo huku linakataa, goti lielekee juu ya vidole. Lisipotikisika kabisa, gumu. Likianguka mpaka mwisho bila ubishi, laini. Na zingatia joto, plastiki inakaza kwa baridi. Lile buti lililokuwa laini kwenye duka lenye hita, kule juu kwenye hasi kumi ni jengine kabisa. Ukilijaribu hapa Unguja kwenye joto la thelathini usiamini chochote kuhusu ugumu wake, pima urefu na upana tu.

Wanaokwenda Norway na Sweden muelewe kwamba huko watakupelekeni kwanza kwenye skii za kutembea msituni, na buti zake ni nyengine kabisa, laini, nyepesi, kisigino kinaachiliwa kinyanyuke. Ndio mchezo aliocheza Philip Boit wa Kenya kwenye Olimpiki ya baridi ya Nagano 1998, alimaliza wa mwisho na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari kumkumbatia. Yote niliyoyasema ya plastiki na fleksi ni ya kushuka mlima, ule mchezo wa Sabrina Simader, alozaliwa Kilifi akakulia Austria, akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018. Na wa Dubai, pale Ski Dubai, ndani ya ile Mall of the Emirates, baridi yake ni hasi moja au mbili tu na njia ndefu kuliko zote ni kama mita 400, buti wanakupa humo ndani. Nyie omba urefu wako wa kweli, chukua soksi ndefu nyembamba kutoka nyumbani, mambo ya namba ya fleksi yaacheni.

Kununua, usinunue mwaka wa kwanza. Kodi siku tatu nne, andika kwenye simu kila jozi uliyovaa, kampuni, namba, upana, nini kiliuma, halafu ndio ukanunue. Na ukishanunua buti jipya au ukibadilisha, zile skii lazima zirudi kwa fundi. Nyayo za buti zina aina, kuna zile bapa za zamani na kuna zilizopinda za GripWalk, na vishikio vya skii, vile vinavyolishika buti juu ya skii, vingine havikubali zote mbili. Fundi anaweka nguvu ya kishikio kuachia mguu ukianguka kwa kutazama uzito wako, urefu, umri, ujuzi, na urefu wa unyayo wa buti ulioandikwa kwa milimita karibu na kisigino, mfano 315. Mwambie kilo zako za kweli na ujuzi wako wa kweli. Kishikio kikikazwa zaidi ya unavyostahiki hakikuachii, na kinachovunjika ni mguu.

Mitumba sasa. Kwenye marobota huwa zinatokea, nimeziona Darajani, bei ya kutupa, na mtu ananiletea kwa furaha. Plastiki ile inazeeka, na inazeeka mbio zaidi kwenye unyevu na joto kama letu. Kwa nje linang'ara, siku unalikunja kwenye baridi linapasuka vipande ukiwa mlimani. Tazama rangi kama imepata umanjano, tazama nyufa karibu na bizimu na misumari, na ikiwa lina miaka kumi na zaidi usilivae hata ukipewa bure. Hata zako mwenyewe ukizileta nyumbani usizieke chini ya bati wala stoo iliyofungwa, toa laina zikauke kivulini, zirudishe, funga bizimu kwa ulaini ili gamba lisipoteze umbo lake, weka chumba chenye upepo.

Mpwa wangu nimemuandikia karatasi ndogo: 27 au 27.5, 102 kwenda juu, fleksi 90, kilo 78, pianta larga. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa, USISEME SAWA SAWA. Kaikunja kaitia ndani ya paspoti.